Jamhuri imeibiwa nini?

Muhula uliopita nilikuwa nikiwafunza wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Vanga juu ya mihimili ya serikali. Tulikuwa na kipande cha gazeti mezani, habari ya kesi ya wizi wa samaki na nyavu, na juu yake yalikuwapo maneno yale ya kawaida: Jamhuri dhidi ya fulani bin fulani. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "aliyeibiwa anajulikana, na aliyeiba anajulikana. Hii Jamhuri imeingiaje hapo? Jamhuri imeibiwa nini?"

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nalo, kwa kuwa kicheko humpa mwalimu nafasi ya kutafuta jibu. Kengele ikalia kabla sijalipata. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua kwamba kijana yule ameuliza jambo ambalo hata watu wazima wengi waliowahi kusimama mahakamani hawalielewi, na kwamba mimi mwenyewe nililibeba moyoni kwa miaka mingi bila ya kulitamka.

Kumjibu sawasawa kwataka kujua jinsi nchi hii ilivyoipata afisi ya mwendesha mashtaka, ni nani waliowahi kuishika, na kwa nini imebadilishwa kila mara. Habari hizo zimo katika vitabu vyetu vya shule kwa mistari miwili mitatu tu, ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha akaisahau. Leo nataka kuzieleza nikiwa nimesimama hapa hapa Vanga, mji ulio mwisho kabisa wa Kenya upande wa kusini, kwani mtu aliye mwisho wa njia ndiye anayejua kama sheria hufika au huishia njiani.

Zamani sana, kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupandishwa katika pwani hii, watu wa hapa hawakukosa sheria. Wavumba walikuwa na diwani wao tangu enzi za Vumba Kuu, mji wa kale ambao habari zake ziliandikwa na Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1900. Wadigo walikuwa na kaya zao na baraza la wazee liitwalo ngambi. Baadaye Sultani wa Zanzibar akaweka maliwali na makadhi katika miji ya mwambao. Hukumu zilitolewa, fidia zililipwa, na watu walipatanishwa.

Lakini katika mabaraza hayo yote hapakuwa na afisa wa kudumu ambaye kazi yake ni kushtaki kwa niaba ya watu wote. Aliyedhulumiwa ndiye aliyekuja na dai lake mwenyewe, akiandamana na jamaa zake na mashahidi wake, akaliweka mbele ya kadhi au ya wazee. Hata katika jambo zito la kuua, sheria ya Kiislamu iliwapa jamaa za marehemu haki ya kudai kisasi, kupokea fidia au kusamehe. Kesi ilikuwa mali ya mwenye uchungu. Angeliulizwa babu yetu mmoja wa wakati ule kwamba kesi hii ni ya nani, angelishangaa kuulizwa.

Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake, nao ulikuwa na kasoro yake. Uzuri ni kwamba aliyeumizwa alisikizwa kwa kinywa chake. Kasoro ni kwamba dai lilikuwa na nguvu kwa kadiri ya nguvu za mwenye kudai. Tajiri mwenye ukoo mpana alifika barazani na watu arubaini. Mjane alifika na mtoto mgongoni. Na mtumwa, katika pwani ambayo hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1907, alikuwa na nani wa kumsemea? Yeyote anayetamani kuirudisha zamani yote kama ilivyokuwa, na aende Shimoni akalitazame lile pango ambamo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa wakingoja jahazi.

Mwaka 1888 Sultani aliikodisha pwani yake, kuanzia Mto Umba ulio hapa Vanga hadi Kipini, kwa kampuni ya Waingereza. Tarehe 1 Julai, 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikaishika nchi mahali pa kampuni hiyo, na mnamo mwaka 1897 zikawekwa taratibu za mahakama za himaya. Mahakama ya Kizungu iliwekwa Mombasa, na jengo lake lililokamilika mwaka 1902 lingali limesimama karibu na Ngome ya Yesu, ngome ambayo kwa miaka hiyo ilikuwa jela. Maliwali, mamudiri na makadhi waliendelea na mabaraza yao kwa watu wao, chini ya macho ya Mwingereza. Vanga ikawa jina la wilaya nzima katika jimbo lililoitwa Seyyidie, pamoja na Mombasa na Malindi, ijapokuwa makao ya wilaya yalihamishwa kwa muda hadi hatimaye yakawekwa kule juu Kwale.

Hapo ndipo fikira mpya ilipoingia, nayo ni hii: kosa la jinai si ugomvi wa mtu na mtu pekee. Ni kosa dhidi ya amani ya mtawala, kwa hiyo mtawala ndiye mlalamishi. Wakati wa ukoloni mtawala huyo alikuwa Mfalme au Malkia wa Uingereza. Jina la mvuvi aliyeibiwa likaondoka juu ya faili, likaandikwa jina la mtu wa London ambaye hakupata kuuona Mto Umba maishani mwake.

Ni nani basi aliyekuwa akimsemea huyo Mfalme katika wilaya kama yetu? Katika kesi kubwa za Mahakama Kuu alikuwapo Mwanasheria Mkuu na mawakili wake. Katika kesi ndogo, ambazo ndizo nyingi, kazi iliangukia polisi. Aghalabu mkuu wa wilaya mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu, naye ndiye aliyekuwa na amri juu ya utawala wa mahali pale. Mkono uliokamata, mkono ulioshtaki na mkono uliohukumu ilitoka katika kanzu moja. Sheria ya Adhabu na Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, zilizoanza kutumika tarehe 1 Agosti, 1930 na ambazo shina lake lingalipo hadi leo, zilimweka Mwanasheria Mkuu juu ya mashtaka yote, zikamruhusu kuwateua waendesha mashtaka wa umma, na miongoni mwa hao walikuwa polisi.

Wanafunzi wasidhani kwamba jambo hili lilibuniwa kwa ajili ya Waafrika. Huko Uingereza kwenyewe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliwekwa kwa sheria ya mwaka 1879, lakini alishughulikia kesi chache nzito tu. Kesi nyingine zilipelekwa mahakamani na polisi wenyewe hadi mwaka 1986, ilipoanzishwa idara maalumu ya mawakili wa mashtaka. Waingereza, basi, walituachia chombo ambacho wao wenyewe walikuja kukiona kina kasoro. Wao wakakibadilisha, na sisi tukaendelea kukitumia.

Uhuru ulipokaribia, tarehe 8 Oktoba, 1963, Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana juu ya Ukanda wa Pwani kuwa sehemu ya Kenya. Mwaka 1967 mahakama zikaunganishwa chini ya sheria mpya, na kadhi akabakishiwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Jina la Malkia likafutwa juu ya mafaili na mahali pake pakaandikwa Jamhuri. Jina lilibadilika, lakini kiti hakikubadilika. Katika mahakama za wilaya aliyeketi upande wa mashtaka aliendelea kuwa polisi mwenye kofia yake mezani.

Hapa sina budi kusimulia habari ya nyumbani kwetu. Katika mwaka 1994 ami yangu, mvuvi wa jarife, aliibiwa nyavu mbili na mashine ya boti. Mashine ile ilikuwa akiba ya miaka saba. Mshukiwa alikamatwa, mashine ikapatikana, na kesi ikafunguliwa katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu ami alikuwa akiamka saa tisa za usiku, akitoka Vanga hadi Lunga Lunga, na kutoka Lunga Lunga akitafuta gari jingine, ili asikike saa tatu asubuhi. Alikwenda mara kumi na moja. Mara hakimu yuko likizoni, mara faili haionekani, mara shahidi wa polisi amehamishwa. Kila safari moja ilikuwa siku mbili za bahari zilizopotea.

Mwendesha mashtaka alikuwa koplo mmoja, mtu mpole, aliyekuja kila asubuhi na rundo la mafaili lililomfikia kidevuni. Sikumchukia wakati ule, wala simchukii sasa. Alikuwa akiyasoma mafaili hayo akiwa amesimama, hakimu akimngoja. Siku ya kumi na moja aliinuka, akasema maneno machache kwa Kiingereza, hakimu akaandika, na mshtakiwa akaambiwa ashuke kizimbani aende zake. Ami aliniuliza wamesema nini. Nikamweleza kwamba mashtaka yameondolewa kwa mujibu wa kifungu cha 87, na kwamba mtu yule anaweza kushtakiwa tena siku nyingine. Ami akauliza: "Ni nani aliyeyaondoa, ilhali mimi nipo hapa?"

Nilikuwa kijana niliyesoma, nikamjibu kama kijana aliyesoma. Nilimwambia kwamba kisheria mlalamishi ni Jamhuri, na yeye ni shahidi tu. Mahakama za Kenya zimelieleza jambo hilo mara nyingi, na maneno yangu yalikuwa sahihi. Ami hakunijibu. Alifunga kilemba chake, tukatoka. Mshukiwa hakushtakiwa tena.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimelirudia tukio hili si kwa kuwa msiba wetu ulikuwa mkubwa kuliko misiba ya wengine, bali kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili ambayo historia ya afisi hii imekuwa ikiyazungukia. La kwanza: huyo anayesema kwa jina la Jamhuri, yeye mwenyewe anamtii nani? La pili: aliyeumizwa anabaki na nini baada ya kesi yake kuchukuliwa na Jamhuri?

Tulitazame la kwanza. Kwa miaka mingi mamlaka yote ya kushtaki yalikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Katiba ya zamani, kifungu cha 26, ilimpa uwezo wa kuanzisha kesi yoyote ya jinai, kuitwaa iliyoanzishwa na mwingine, na kuisimamisha wakati wowote kabla ya hukumu. Ilisema pia kwamba katika kazi hiyo asiamrishwe na mtu. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria, mwenye kuitetea serikali inaposhtakiwa, na mwenye kiti katika baraza la mawaziri. Charles Njonjo, aliyekishika cheo hicho kuanzia mwaka 1963 hadi 1980, alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote nchini. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtu aliyevaa kofia mbili hawezi kuzivua zote kwa wakati mmoja pindi rafiki zake wanapotuhumiwa.

Mambo yalizidi mwaka 1986, Katiba ilipobadilishwa, kinga ya Mwanasheria Mkuu ya kutofukuzwa kazini ovyo ikaondolewa. Kinga ile ilirudishwa mwaka 1990 baada ya malalamiko mengi. Katika miaka hiyo minne mwendesha mashtaka mkuu wa nchi angeweza kuachishwa kazi kama karani, na yeyote aliyefundisha somo la uraia wakati ule anakumbuka jinsi tulivyolipita jambo hilo upesi upesi darasani.

Sisi wa pwani ya kusini tulikuja kuyaonja matokeo ya udhaifu huo. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni. Machafuko yakaenea hadi sehemu za Kwale, watu zaidi ya mia moja wakafa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makwao, wengi wao watu wa bara waliokuwa wameishi nasi kwa miaka. Ilielezwa kwamba vijana walikuwa wamepewa mafunzo katika msitu wa Kaya Bombo. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza vita vya kikabila vya nchi nzima, na ripoti yake, iliyokamilika mwaka 1999, haikutolewa hadharani hadi mwaka 2002. Vijana wengi walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Lakini hakuna mwanasiasa yeyote aliyehukumiwa kwa kuyapanga maovu yale. Jamhuri ndiyo iliyokuwa mlalamishi, na Jamhuri ilinyamaza. Je, mjane wa Likoni angekwenda kumlalamikia nani?

Tukio jingine lililoiamsha nchi lilitokea mwaka 2005. Afisa wa shirika la wanyamapori alipigwa risasi na kufa katika ranchi moja ya Bonde la Ufa, na mwenye ranchi akashtakiwa kwa mauaji. Baada ya majuma machache Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, akaisimamisha kesi. Hakuhitaji ruhusa ya mahakama. Watu walijaa barabarani kwa hasira, na wengi ndipo walipojua kwa mara ya kwanza kwamba saini ya mtu mmoja yatosha kuizima kesi ya damu.

Hata upande wa polisi mambo yalikuwa yameanza kubomoka. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Roy Richard Elirema, iliamua kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi wa cheo cha chini ya kile kilichotajwa na sheria haikuwa kesi halali. Sheria ilitaka afisa asiyepungua cheo cha inspekta msaidizi. Wafungwa wengi walikata rufaa kwa hoja hiyo, na hukumu kadhaa zikabatilishwa. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka koplo wetu na rundo lake la mafaili. Kumbe hata kama angalishinda kesi ya ami, ushindi wake ungaliweza kuvunjwa kwa sababu ya tepe za begani mwake.

Haya yote ndiyo yaliyowafanya Wakenya, walipoandika Katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti, 2010, wakikate cheo kile vipande viwili. Mwanasheria Mkuu akaachiwa kazi ya kuishauri serikali. Kazi ya kushtaki akapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mwenye afisi yake mwenyewe. Majirani zetu walikuwa wakielekea huko huko: Uganda ilimtaja mkurugenzi wa namna hiyo katika Katiba yake ya 1995, nayo Tanzania, iliyo ng'ambo ya mpaka wetu hapa, ilitunga sheria ya huduma ya mashtaka ya taifa mwaka 2008.

Ningependa kila mwalimu wa historia na uraia akisome kifungu cha 157 pamoja na wanafunzi wake, sentensi kwa sentensi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, na hukaa kwa miaka minane tu bila ya kurudia. Hahitaji idhini ya mtu yeyote ili kushtaki, wala hawekwi chini ya amri ya mtu yeyote. Anaweza kumwagiza mkuu wa polisi achunguze jambo. Hawezi kuisimamisha kesi bila ya ruhusa ya mahakama. Na katika yote hayo anatakiwa ayaangalie maslahi ya umma, na aepuke kuitumia sheria vibaya. Kila sentensi katika kifungu hicho ni kovu la jeraha fulani, na mwalimu mwema ataweza kumwonyesha mwanafunzi jeraha lenyewe.

Keriako Tobiko alikuwa wa kwanza kuishika afisi hiyo chini ya Katiba mpya, mwaka 2011. Akafuatwa na Noordin Haji mwaka 2018, na kisha Renson Ingonga mwaka 2023. Sheria ya afisi hiyo ilipitishwa mwaka 2013. Hatua kwa hatua polisi wakaondolewa katika viti vya mashtaka, wakawekwa mawakili, na afisi zikafunguliwa katika kaunti zote 47, Kwale ikiwa mojawapo. Zamani mawakili wa serikali walipatikana Nairobi na katika miji michache mikubwa kama Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Afisi mpya haikukosa lawama. Kesi kubwa za ufisadi zimefunguliwa kwa kishindo na nyingine zimeondolewa kimya kimya, na wananchi wana haki ya kuhoji. Lakini sasa wana mahali pa kuhojia, na jaji wa kumwuliza mkurugenzi sababu zake.

Msomaji aweza kusema: maadamu Jamhuri imetuangusha hivyo, si afadhali kesi irudishwe kwa mwenyewe, kama zamani? Kuna wakati nami niliamini hivyo, kwa ajili ya ami. Kilichonibadilisha ni jambo nililoliona nikiwa mwalimu.

Miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja wa darasa langu aliacha kuja shule. Nilipouliza niliambiwa ni mgonjwa, na baadaye nikaambiwa amekwenda kwa shangazi. Ukweli ulipojulikana, ulikuwa kwamba mtu mzima alikuwa amemharibu, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekutana wakakubaliana. Zilitolewa fedha na mbuzi. Baba alikuwa ameridhika, au alisema ameridhika. Nilipokwenda kumwona aliniambia kwa upole: "Mwalimu, mambo haya tumeshayamaliza sisi wenyewe." Mtoto alikuwa ameketi nyuma ya mlango, akipepeta mchele, na hakuna aliyemwuliza kama yeye ameyamaliza.

Siku ile niliielewa Jamhuri. Kesi ile haikuwa mali ya baba, wala ya wazee, wala ya mbuzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba uamuzi wa kukomesha uchunguzi au mashtaka ya kosa la namna hiyo haumo mikononi mwa polisi wala jamaa. Ulikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na leo umo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kuna makosa ambayo mwenye kuumizwa hana nguvu ya kuyadai, au wale wanaopaswa kumdaia ndio wanaomuuza. Hapo lazima awepo mtu asiye na ukoo barazani, asiyehongeka kwa mbuzi, atakayesema: mlalamishi ni mimi. Nilikwenda kupiga ripoti. Nilichukiwa mtaani kwa muda mrefu, na baadhi ya walionichukia walikuwa jamaa zangu.

Ndiyo maana naona kwamba njia si kuirudisha zamani wala kuyaacha mambo kama yalivyokuwa katika kesi ya ami. Sheria yenyewe imeanza kuiona njia ya katikati. Kwa magomvi madogo, mahakama imeruhusiwa kwa muda mrefu kuwapatanisha watu. Kwa makosa mazito, Katiba ya 2010 iliagiza itungwe sheria ya kuwalinda walioathiriwa na uhalifu, nayo ikatungwa mwaka 2014. Kisha mnamo Septemba 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ikaamua kwamba aliyeathiriwa au wakili wake anaweza kushiriki katika kesi na kutoa maoni yake, ilimradi asigeuke kuwa mwendesha mashtaka wa pili dhidi ya mshtakiwa. Kesi ni ya Jamhuri bado, lakini shahidi yule wa zamani amepewa kinywa.

Kinywa hicho hakitakuwa na faida kama mwenyewe hajui kwamba anacho. Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Katika mji kama huu wetu mtu huijua mahakama siku anayoitwa, na siku hiyo huwa amechelewa kujifunza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ndiye anayemsomea babake barua ya mahakama, ndiye anayemfuata mamake Kwale. Akijua tofauti ya mlalamishi na shahidi, akijua kwamba ana haki ya kumwuliza mwendesha mashtaka kesi imefikia wapi, na kuuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, familia nzima imejua. Na waendesha mashtaka wenyewe, hasa vijana wanaotumwa Kwale kutoka mbali, wakumbuke kwamba uhuru waliopewa na Katiba ni uhuru wa kutoamrishwa na wakubwa. Haukuwa ruhusa ya kutosema na wadogo.

Nilirudi darasani juma lililofuata nikamjibu kijana wangu. Nilimwambia kwamba mvuvi ameibiwa nyavu, na Jamhuri imeibiwa amani ambayo kwayo mvuvi huziacha nyavu zake ufukoni usiku akalala. Zote mbili zina haki ya kudaiwa, na kosa letu la miaka mingi lilikuwa kuidai moja na kuisahau nyingine. Aliandika, kisha akauliza kama jambo hilo litatoka katika mtihani.

Ami yangu yu hai, ni mzee sasa, hashuki tena baharini. Jioni ile nilimweleza habari ya hukumu ya 2020, kwamba siku hizi mwenye kuathiriwa aweza kusikizwa kabla mahakama haijaamua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake polepole.

"Mimi sikutaka mengi," akasema. "Siku ile wangeniuliza tu."